Barua kwa mwanangu: kwa nini naitetea filamu ya PK

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu. Umeniuliza inakuwaje mimi, niliyekufundisha kusali, niwaketishe wanao mbele ya filamu ya Kihindi ambayo mtu anazunguka hekaluni, kanisani na msikitini akiwahoji wenye dini zao, na kama uzee umeanza kuniondolea imani. Imani yangu ipo palepale, na ndiyo inayonifanya niitetee filamu hiyo.

Wewe umeiona vipande vipande, kwa hiyo nikukumbushe inavyoanza. Mgeni kutoka sayari nyingine, ambaye baadaye anaitwa PK, anashuka Rajasthan, India, na papo hapo anaibiwa kidani, ambacho ndicho chombo cha kuitia usafiri wa kumrudisha kwao. Kila anayemuuliza kilipo anamjibu kwamba Mungu pekee ndiye ajuaye. Wenzetu wanalisema neno hilo kwa mazoea tu, lakini yeye analichukua kama lilivyo na kuanza kumtafuta huyo Mungu. Anatoa sadaka hekaluni. Anapeleka nazi kanisani kwa sababu hekaluni ndivyo alivyoona watu wakifanya. Anauendea msikiti na mvinyo kwa sababu mvinyo aliuona kanisani. Na anakimbizwa huku na huku. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba katika filamu nzima hakuna anayeomba kwa bidii kumshinda yeye. Maswali yake ni ya mtu aliyetii kila alichoagizwa, akatoa kila alichotakiwa kutoa, kisha akauliza mbona hajibiwi. Mwenye kejeli hajisumbui kiasi hicho.

Kidani chenyewe kinaonekana mikononi mwa guru, yaani kiongozi wa dini wa Kihindu, aitwaye Tapasvi, anayewaambia waumini kuwa ni kipande cha ngoma ya mungu wao Shiva na kuwachangisha fedha za kukijengea hekalu. Mume ambaye mkewe amepooza anapoagizwa na guru huyo kufunga safari ya mbali, PK anasema guru amekosea namba, kama mtu anayempigia Mungu simu akapokelewa na mwingine, kwa kuwa hakuna mzazi anayeletewa shida na mtoto wake akamtuma aende kuhangaika mahali pengine kwanza. Ndipo filamu ilipolenga: kwa dalali aliyejiweka kati ya mja na Mola wake. Tena mtunzi hakumbuni adui wa hewani. Mwaka 2013, kabla filamu haijatoka, India ilimkamata Asaram, guru mwenye wafuasi wengi mno, na mwezi Aprili 2018 mahakama ya Jodhpur ilimtia hatiani kwa kumbaka msichana mdogo. Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 2013, mjini Pune, Narendra Dabholkar, daktari aliyejitolea miaka mingi kupambana na ushirikina, aliuawa kwa risasi akiwa katika matembezi yake ya asubuhi. Kutengeneza filamu ya namna hii katika nchi hiyo, wakati huo, hakukuwa mzaha.

Ulisema pia kwamba Wahindu wenyewe waliikataa. Baadhi yao, ndiyo: ilipotoka Desemba 2014, wanaharakati walivamia majumba ya sinema Ahmedabad na Bhopal, na mabango yakachanwa na kuchomwa. Lakini serikali ya jimbo la Uttar Pradesh iliifutia kodi ili watu wengi zaidi waione, na mwezi Januari 2015 Mahakama Kuu ya Delhi ililitupa ombi la kuipinga. Waliolalamika kwamba mwigizaji mkuu, Aamir Khan, ni Mwislamu walisahau kwamba mwongozaji, Rajkumar Hirani, si Mwislamu, na kwamba kila mtu huifahamu zaidi takataka ya uani kwake.

Kwetu sisi kuna mtego mwingine, nao ndio ulionifanya niketi na wajukuu badala ya kuwaachia televisheni. Ni rahisi Mwislamu wa Tanga kumcheka Mhindi pale PK anapoweka jiwe chini ya mti, akalipaka rangi, na wanafunzi wenye mtihani wakaanza kulitolea fedha. Sisi tunafunga hirizi viunoni mwa watoto, tunakunywa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua, lililoandikwa na mtu asiyejua maana ya alichoandika, na tunamlipa aliyetuambia kuwa jirani ndiye mchawi wetu. Wenzetu Wakristo nao, Februari 2020 mjini Moshi, walipoteza watu 20 waliokufa katika msongamano wa kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Sayyidna Umar aliliambia Jiwe Jeusi la Kaaba waziwazi kwamba anajua kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba asingelibusu lau asingemwona Mtume akilibusu. Nabii Ibrahim aliyavunja masanamu ya watu wake, akalibakiza lile kubwa na kuwaambia waliulize. Sasa mtoto akiniuliza hirizi inafanya kazi gani, nimwambie anakufuru?

Simaanishi kwamba filamu haina kasoro. Mjadala wa mwisho kati ya PK na guru unaamuliwa na simu inayopigwa ubalozini na habari za wapenzi wawili waliopotezana Ubelgiji, yaani mambo ya sinema za Kihindi matupu, wakati hoja kubwa ilikwisha kutolewa mapema na kwa uzito zaidi: rafiki yake PK anapouawa kwa bomu la treni, na baadaye mgeni huyo anamuuliza guru ni Mungu gani huyo, muumba wa mbingu na ardhi, anayehitaji kulindwa na binadamu. Wanao walinyamaza kimya hapo, na mkubwa aliuliza maswali hadi wakati wa kulala. Nilimjibu niliyoyaweza, mengine nimemwambia akuulize wewe.

Ile sehemu ya magari yanayotikisika njiani na wapenzi ndani yake niliipeleka mbele kwa rimoti, kwa hiyo juu ya hilo hatuna ugomvi.

Wasalaam,
Baba yako