Muulize Shangazi: Harusi saa saba, kanisa liko vichochoroni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mfanyakazi mwenzangu hapa London amenialika harusini kwake, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa saba mchana, katika kanisa la kijiji karibu na Burford, Oxfordshire. Kadi ina jina langu na la mume wangu tu. Lakini mama yangu atakuwa amekuja kututembelea na siwezi kumfungia ndani ya fleti kutwa nzima. Ataendesha mume wangu, kwa leseni ya Tanzania. Tuna miezi minne huku. Simu inasema mwendo ni wa saa mbili. Tukitoka saa tano si tutafika?
Msomaji, London

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkitoka saa tano mtamkuta bibi harusi keshakuwa mke wa mtu. Tokeni saa tatu na nusu.

Leseni isiwaumize kichwa, mmeruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu muanze kuishi huku. Barabara kuu ya M40 nayo ni pana na haina matata, mwisho maili 70 kwa saa, kama kilomita 112. Matata yanaanzia Oxford. A40 inauzunguka mji kipilefti baada ya kipilefti, na Jumamosi ya kiangazi kila mwenye gari anakwenda Cotswolds, eneo la vilima na vijiji, kutazama nyumba za mawe ya rangi ya asali. Pale mimi nilimaliza pakiti nzima ya karanga nikiwa kwenye gia namba moja. Burford yenyewe ni mteremko mzuri unaoishia kwenye daraja jembamba la mawe juu ya mto Windrush.

Ila kilichonitoa jasho mimi ni vichochoro vya vijijini. Njia ni ya gari moja, huku ukuta wa mawe, huku michongoma mirefu kuliko gari. Utaona kibao cha duara jeupe chenye mstari mweusi wa mshazari: maana yake mwisho maili 60. Mumeo asidhani ameamriwa! Ishirini zinatosha, kwa sababu kwenye kona huoni mbele. Mimi nilikata kona nikakutana uso kwa uso na trekta lenye marobota ya nyasi. Dereva hakupiga honi wala hakununa. Alizima injini, akanitazama. Nikapiga rivasi na kilemba changu cha harusi kimeniziba nusu ya kioo, mpaka nilipopata kijisehemu cha kupishania. Alipopita aliinua kidole kimoja juu ya usukani. Hiyo ndiyo asante yao, nanyi inueni chenu. Mkikuta mpanda farasi, punguzeni hadi maili 10 na mumpite kwa nafasi ya mita 2.

Halafu msiiamini posikodi, ule msimbo wa posta wa anwani. Kijijini moja hubeba mashamba kadhaa. Yangu ilinifikisha kwenye banda la nguruwe. Mwombe mwenzako akutumie pini ya ramani ya mlango wa kanisa, na muihifadhi kabla ya kutoka maana mtandao hupotea mabondeni.

Sasa mama. Kadi ya Kiingereza yenye majina mawili ni viti viwili, na sahani zimeshalipiwa. Usimpeleke mezani bila kuuliza. Kanisani ni habari nyingine: ndoa hufungwa hadharani, mgeni hafukuzwi. Avae kitenge chake, akae benchi la nyuma. Kuna wakati kasisi atauliza kama yupo anayejua pingamizi la kisheria, na kanisa zima litanyamaza. Mwonye mapema, kigelegele akiweke mpaka maharusi watoke nje.

Kwa chakula, mumeo na mama wakanywe chai Burford, nawe ukae mezani, au mwambie mwenzako ukweli wiki hii, si siku ya harusi. Wenzetu wana wageni wa mchana na wageni wa jioni, hao wa jioni wanakuja kwa muziki, na nafasi ya jioni ni rahisi kupatikana. Giza lisiwatishe, mwezi wa sita jua linazama baada ya saa tatu usiku.

Viatu vya kisigino viwe kwenye buti ya gari, nyasi za uwanja wa kanisa huvimeza. Na mama akae kiti cha mbele, wewe nyuma na zawadi. Kona zile zitamtapisha.