Mpunga kijani tii, mapepe (punje tupu) kibao: nilichokiona nilipolipasua jani

Mkuu mleta uzi, umeuliza hivi: mpunga wako ni kijani kuliko wa majirani wote, urea umeweka mara tatu, mbona gunia haziongezeki? Kisha mdau mmoja hapo juu akajibu kwamba mpunga "una umbijani kidogo kuliko mahindi", yaani ile rangi ya kijani ya jani, ndiyo maana mahindi yanastahimili jua la saa saba na mpunga unanywea. Hapo kwenye umbijani ndipo nimeshindwa kupita kimya. Nafundisha biolojia sekondari na nina majaruba mawili ya mpunga wa mbegu ya SARO 5 huku Ifakara. Kosa lako nimeshalifanya, na jani lenyewe nimeshalipasua kwa wembe.

Tuanze na wembe. Kila mwaka nawapa vijana wa kidato cha tatu jani la mahindi na la mpunga. Tunalibana jani katikati ya kipande cha karoti, tunakata vipande vyembamba mpaka vidole vinauma, tunaweka tone la maji, tunatazama kwenye hadubini. Jani la mahindi linajionyesha lenyewe: kila mshipa umezungukwa na pete ya seli kubwa za kijani, kama shanga shingoni. Kati ya mshipa na mshipa mara nyingi unahesabu seli mbili tu za kawaida, kisha pete nyingine. La mpunga halina mapambo hayo. Mishipa imeachana zaidi, seli zilizouzunguka mshipa ni nyeupe-nyeupe, zina kloroplasti chache (vile vichembe vinavyobeba umbijani), na ukijani wote uko kwenye seli za katikati. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama nimewapa jani bovu.

Sasa hizo seli za katikati ndizo zinazonifanya nisikubaliane na mdau. Ni ndogo, zimebanana, na kuta zake hazikunyooka bali zina mikunjo, mithili ya vipande vya fumbo vilivyopachikana. Hadubini ya shule inakuishia hapo. Lakini picha za hadubini ya elektroni zinaonyesha kwamba kloroplasti zimejipanga kwenye ukingo wa seli zikafunika zaidi ya asilimia 95 yake. Yaani hakuna nafasi ya kuongeza. Mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, zimewekwa ndani, nyuma ya ukuta huo wa kijani.

Mpangilio huo una kazi yake. Mpunga hunasa kabonidayoksaidi kwa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali) kiitwacho rubisko, na rubisko ana tabia moja mbaya: hawezi kutofautisha vizuri kabonidayoksaidi na oksijeni. Akishika oksijeni, mmea unalazimika kurekebisha kosa, na katika kurekebisha, mitokondria zinatoa kabonidayoksaidi iliyokwisha kunaswa. Jua likiwa kali makosa yanaongezeka, na jani likifunga stomata (vitundu vyake vya hewa) ili lisipoteze maji yanaongezeka zaidi, kwa sababu hewa mpya haiingii. Kwa mpunga, ile hewa inayovuja kutoka mitokondria haina njia ya kutoka nje ya seli isipokuwa kupitia kwenye kloroplasti, na huko sehemu yake inanaswa tena. Mimi naliona kama jungu lenye sahani chini yake: linavuja, ila si kila tone linapotea.

Mahindi hayana shida hiyo kwa kiasi hicho. Seli za nje zinatumia kimeng'enya kingine, kisichodanganywa na oksijeni, kisha zinapeleka mzigo wa kabonidayoksaidi kwenye zile shanga za kuzunguka mshipa na kuushusha huko. Rubisko wa mahindi anakaa chumbani kabonidayoksaidi ikiwa imejaa tele, anakosea mara chache. Mtama na miwa ni hivyohivyo. Njia hiyo ilielezwa na Hatch na Slack huko Australia mwaka 1966, wakifanyia kazi miwa. Kwa hiyo mdau, tofauti si wingi wa rangi. Ni nani amekaa chumba gani.

Jani la mpunga kujikunja mchana ni jambo jingine kabisa, msilichanganye na hili. Upande wa juu wa jani kuna seli kubwa kama mapovu. Zikipoteza maji zinanywea na jani linajifunga. Ukiona hivyo angalia maji kwanza.

Turudi kwenye urea yako. Urea inaleta naitrojeni, na karibu robo ya naitrojeni ya jani imo ndani ya rubisko, kwa hiyo mpunga wenye njaa ukiupa urea unapata nguvu kweli. Ukishashiba, unachoongeza ni majani mengine ya kuyaziba yale ya chini. Msimu mmoja niliweka mifuko mitatu kwa ekari, nikawa napita pale jioni kujisifu. Majani ya juu yalikuwa meusi kwa ukijani, ya chini yako gizani, hayaingizi kitu. Masuke yalipotoka mvua ikapiga mpunga ukalala wote, na nilichopepeta kilikuwa mapepe nusu nzima. Siku hizi naweka mara mbili, ya mwisho masuke yanapoanza kuumbika ndani ya shina, na najali zaidi yale majani matatu ya juu yabaki mazima, kwa sababu ndiyo yanayojaza punje.

Aliyeuliza kuhusu "mpunga wenye mashine ya mahindi", yaani kuupa mpunga ile njia ya mahindi ya kunasa kabonidayoksaidi: kazi hiyo ipo, ilianzia IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino, na mwaka 2017 watafiti wa Oxford waliingiza jeni za mahindi kwenye mpunga wakapata kloroplasti zaidi kwenye zile seli nyeupe za kuzunguka mshipa. Ni hatua moja kati ya nyingi. Mbegu yake haipo dukani, na anayekuuzia ni tapeli.

Ukitaka kujionea, omba hadubini shule ya jirani siku ya Jumamosi, na uanze na mahindi. Mpunga siku ya kwanza utakukatisha tamaa.