Pima juu ya banio na chini yake siku ileile

Ndugu, umeuliza utajuaje kama mto wenu umepungua kwa ukame au kwa sababu ya mashamba ya mpunga, na kwa nini samaki wanatoweka. Nimeshiriki upimaji wa aina hiyo kwa misimu kadhaa katika bonde la Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka milimani na kupita mashambani, kisha maji yanayosalia huingia kinamasi cha Ihefu na kutokea kwenye mwamba wa Ng'iriama yakiwa Ruaha Mkuu. Mto huo uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mnamo 1993, na jambo hilo bado linaniuma.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kupima chini ya mashamba peke yake. Ukame hupunguza maji juu ya banio (kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji kwenye mfereji wa mashamba) na chini yake, ilhali banio hupunguza chini tu. Basi pimeni sehemu zote mbili siku moja, pamoja na mfereji wenyewe na mtaro unaorudisha maji mtoni, la sivyo hesabu haitafungana.

Chagueni kipande kilichonyooka, mfunge kamba kutoka ukingo hadi ukingo na kupima kina kila nusu mita, kisha mwachie chungwa lielee mita 10 huku mkihesabu sekunde. Chungwa ni zuri kwa kuwa huzama karibu lote na upepo haulisukumi. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, zidisheni kasi hiyo (mita 10 kugawanya kwa sekunde) kwa takriban 0.85, halafu kwa eneo la mkato wa mto (upana mara kina cha wastani). Rudieni baada ya kila masika: sisi tuliendelea kukadiria mtiririko kutokana na kina kwa hesabu za zamani baada ya mafuriko kujaza mchanga mtoni, tukaandika kiangazi kizima maji ambayo hayakuwapo.

Upande wa viumbe, linganisheni sehemu ya mawe na sehemu ya mawe, si ya mawe na ya tope. Geuzeni mawe mbele ya wavu, mtazame nani ameingia. Mabuu wa wadudu wenye mikia mitatu na matamvua pembeni mwa tumbo, na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga, wengi wao huhitaji maji yanayotembea na yenye oksijeni. Wakitoweka chini ya banio huku minyoo myekundu ikizidi, mto umekwisha kuumia hata kama bado una maji. Oksijeni ipimeni kabla ya jua kuchomoza, maana mchana mimea ya majini huiongeza na kuficha tatizo. Katika madimbwi ambamo viboko hubanana, kinyesi chao huimaliza. Kambale huweza kuvuta hewa juu ya maji, samaki wengi wengine hawawezi. Hapo msiingie majini; pimieni kutoka ukingoni.

Na kila siku ambayo maji hayatembei iandikwe pekee, kwa sababu wastani wa mwezi huweza kupendeza huku siku chache za ukavu zimekwisha kuua mabuu wote wa kipande hicho.