Usiongeze uga katikati ya muundo ambao programu za watu zimekwisha kuukariri

Usiongeze uga huo, ndugu. Umeeleza kwamba unataka kuingiza uga (sehemu moja ya data) wa baiti 4 katikati ya muundo (struct, yaani uga kadhaa zilizopangwa pamoja kwenye kumbukumbu) uliomo kwenye heda ya maktaba yako, faili ambalo programu za wengine hukompailiwa nalo, kwamba namba ya .so.1, inayoonyesha maktaba inapatana na programu zipi, utaiacha ilivyo kwa kuwa hakuna fanksheni iliyobadilika, kisha ukauliza maktaba ikompailiwe kwenye toleo lipi la mfumo wa uendeshaji. Hoja hiyo ya fanksheni ndiyo iliyoniponza.

Muundo wangu ulikuwa wa picha: upana katika baiti ya 0, kimo katika baiti ya 4, kielekezi cha data (anwani ya mahali data ilipo kwenye kumbukumbu) katika baiti ya 8, jumla baiti 16 kwenye mashine ya biti 64. Nikapachika uga mmoja baada ya upana. Kimo kikahamia baiti ya 8, kielekezi kikasukumwa hadi baiti ya 16 kwa sababu hukaa kwenye kigawe cha 8, na muundo mzima ukafika baiti 24. Programu za zamani hazikuwa na habari, kwani vipimo vya awali vilikwisha kukompailiwa ndani yake: zilitenga baiti 16, na maktaba mpya ikaandika kielekezi nje ya nafasi hiyo, juu ya data nyingine kabisa. Kipakiaji cha maktaba, kinachoiunganisha programu na maktaba inapoanza, hakikulalamika, maana chenyewe hutafuta majina ya fanksheni, wala hakijui ndani ya muundo mna nini.

Majaribio yetu yote yalifaulu kwa sababu tuliyakompaili upya pamoja na maktaba. Walioumia ni watumiaji waliosasisha mfumo wa uendeshaji, wakaletewa maktaba mpya chini ya programu za zamani. Programu moja ilianguka kila ilipofungwa. Nyingine ilihifadhi picha zilizoharibika bila kutoa onyo lolote. Nilikesha wiki mbili nikitafuta kosa ndani ya programu hizo, ilhali lilikuwa mstari mmoja wa heda yangu.

Aliyenihakikishia kwamba fanksheni zisipoguswa hakuna kinachovunjika alikuwa mwandamizi wetu, na hadi leo nina uchungu naye, kwa sababu alitamka hilo bila hata kuifungua heda, na waliopoteza kazi zao ni watu waliotuamini.

Ficha muundo. Heda itaje jina lake tu, maktaba yenyewe itenge kumbukumbu, na mtumiaji apewe kielekezi pamoja na fanksheni za kusoma na kuandika. Kuongeza uga mwishoni nako hakukuokoi ikiwa programu hujitengea nafasi, kwani ukubwa wa zamani umo ndani yake. OpenSSL, maktaba maarufu ya usimbaji fiche, ilificha miundo yake mingi katika toleo la 1.1.0 mwaka 2016, na ingawa programu nyingi zililazimika kurekebishwa, ndani ya miundo hiyo sasa pangeweza kubadilishwa bila kuzigusa tena.

Kwa kuwa muundo wako umekwisha kutoka, kuuficha kutavunja programu zilizopo. Basi panda hadi .so.2 katika toleo hilohilo, ili maktaba ya zamani na mpya zikae pamoja kwenye mfumo mmoja. Kabla ya kutoa chochote, zikompaili zote mbili zikiwa na taarifa za utatuzi (debug info), uzilinganishe kwa abidiff, zana inayoonyesha tofauti kama hizi kati ya matoleo mawili ya maktaba, kisha ulete matokeo hapa tuyasome pamoja.