Kushindilia udongo dhidi ya tetemeko: pima hadi kule mchanga mlegevu ulipo

Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa, chembe zake husogeleana. Maji yaliyo katikati hayapati njia ya kutoka upesi, presha yake hupanda, na chembe huachiana. Ardhi inakuwa uji. Mwaka 1964 huko Niigata, Japani, maghorofa ya makazi yalizama na kuinama namna hiyo, na moja lililala karibu chali ilhali kuta zake hazikubomoka.

Kushindilia mchanga husaidia kweli. Tatizo kubwa ni kupima mahali pasipo na hatari. Rola ya kutetemesha hushindilia tabaka la kifusi la sentimita 15 hadi 30. Mchanga ulio mita 6 chini hauguswi. Kwa hiyo cheti kinachosema kifusi cha juu kimefika “asilimia 95” ya uzito mkubwa kabisa kwa ujazo uliopatikana maabara kisisomwe kama habari ya kiwanja kizima.

Tuanze na kifusi chenyewe. Laza bamba lenye tundu juu ya tabaka, chimba kishimo kupitia tundu hilo, kusanya udongo wote bila kudondosha hata kijiko kimoja, upime uzito, kisha ujaze kishimo, kupitia koni ya kumiminia, kwa mchanga mkavu ambao uzito wake kwa ujazo unaujua. Tuseme mchanga ulioingia, baada ya kutoa ule uliobaki kwenye koni, ni gramu 2,280, na kila sentimita ya ujazo ina gramu 1.52. Kishimo basi ni sentimita za ujazo 1,500. Udongo uliotoka ni gramu 2,835, yaani 1.89 kwa sentimita ya ujazo. Unyevu ni asilimia 8, hivyo gawa kwa 1.08 ili kuondoa uzito wa maji: unapata 1.75. Kama kilele cha maabara, yaani uzito mkavu mkubwa kabisa kwa ujazo ambao udongo huo ulifikia ulipopigwa nyundo maabara, ni 1.86, umefika asilimia 94.1. Ikiwa sharti ni 95, tabaka limeanguka kwenye kipimo, lishindiliwe upya.

Makosa mengine hukuonea, mengine hukudanganya. Rola ikipita jirani wakati unamimina, mchanga wa kupimia hujibana, kishimo kinaonekana kikubwa, na tabaka zuri linaanguka. Hiyo ni hasara ya muda tu. Kibaya ni mchanga wa kupimia wenye unyevu: hautiririki vizuri, unaacha mapengo, kishimo kinaonekana kidogo, na tabaka legevu linapita. Kusimama ukingoni mwa kishimo huleta uongo uleule, kwa kuwa kuta zake husukumwa ndani. Uanike mchanga huo, na uurudie kuupima kila unapofungua mfuko mpya.

Asilimia hizo nazo zina mtego. Kwa mchanga, mshindilio wa asilimia 80 ya kilele ni takriban hali yake ya ulegevu kabisa. Basi 90 si “karibu kumaliza”. Ni kama nusu ya safari, na 95 ni kama robo tatu. Kwa mchanga safi, omba maabara ipime kiwango cha ulegevu, na kile cha kubana kwa meza ya kutetemesha, maana nyundo ya maabara huurusha mchanga pembeni badala ya kuubana.

Kwa tabaka la chini, chimba kwa mashine na upige bomba la sampuli: nyundo ya kilo 63.5, ikianguka sentimita 76. Bomba lizame sentimita 45, nawe uhesabu mapigo ya 30 za mwisho. Baada ya kusahihisha kwa nguvu ya nyundo na uzito wa udongo wa juu, mchanga safi wenye mapigo zaidi ya 30 kwa kawaida hauhesabiwi kuwa wa kugeuka uji. Angalia maji ndani ya shimo: yakishuka chini ya kina cha maji ya ardhini, mchanga hububujika kutoka kitakoni na mapigo yanashuka bila sababu ya kweli.

Ukitaka kuubana mchanga wa chini kwa kuangusha uzito wa tani nyingi, kadiria kina kitakachofikiwa: zidisha tani kwa mita za kuanguka, tafuta kipeuo cha pili, uchukue nusu. Tani 16 kutoka mita 16 hufika kama mita 8. Upimaji wa marudio ufanyike katikati ya alama za kuangushia, si kando ya alama, na baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa mchanga uliovurugwa huendelea kukaza.