Swali: Je, kufuata mitindo ya mavazi ni dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi najisitiri, alhamdulillah, lakini napenda mitindo. Kila ukitoka mshono mpya wa abaya nanunua, na kabati limejaa, nyingine sijazivaa hata mara tatu. Dada yangu ananiambia mitindo ni kuiga makafiri na kwamba napata dhambi. Mimi naona maadamu stara ipo, sina kosa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Nianze na dada yako.

Vazi haliwi haramu kwa kuwa limetoka kwa watu wengine. Mughira bin Shu'ba (r.a.) amesimulia kuwa safarini Mtume (s.a.w.) alivaa juba la Sham (Syria na majirani zake), nchi iliyokuwa bado mikononi mwa Warumi. Mikono ya juba ilibana hata haikupandishika alipotaka kutawadha, ikabidi apitishe mikono yake kwa chini. Kilichokatazwa ni kujifananisha na wengine katika yale yanayowatambulisha kwa dini yao.

Hata hivyo, usimpuuze dada yako. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika utangulizi wa historia yake aliouandika mwaka 1377, alisema aliyeshindwa hupenda kumwiga aliyemshinda, mavazi yakiwemo, kwa kuwa nafsi humdhania ukamilifu anayeitawala. Akatoa mfano wa Waislamu wa Andalusia, huko Hispania, waliovaa kama majirani zao Wakristo wa kaskazini. Basi ukishika nguo mpya jiulize: naipenda, au nawaona wanaoivaa kuwa ni watu zaidi yangu?

Sasa wewe. Umesema stara ipo, kana kwamba hesabu imeishia hapo. Stara ni sharti la kwanza, na Allah akuthibitishe juu yake. Lakini Mtume (s.a.w.) alituambia tule, tunywe, tutoe sadaka na tuvae pasipo israfu, yaani ufujaji, wala majivuno. Nguo isiyovaliwa mara tatu, na nyingine inanunuliwa juu yake, hiyo ni israfu. Sioni jina jingine la kuipa.

Na majivuno? Sahaba mmoja alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba mtu hupenda nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kwamba Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Akaongeza kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii iko katika mkusanyiko wa Imam Muslim. Tazama, mwanangu: ameulizwa juu ya nguo, akajibu juu ya moyo.

Zamani wafalme waliiandika dharau hiyo katika sheria. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alitoa amri ya nani avae nini kwa cheo chake. Hariri ya zambarau, kwa mfano, karibu yote iliachiwa ukoo wa kifalme. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1604, lakini madaraja yamebaki. Siku hizi yanapimwa kwa upya, na aliyevaa mshono wa mwaka jana anatazamwa kwa jicho la pembeni. Ukijikuta unamtazama mwenzako hivyo, stara yako haitakufaa kitu hapo.

Kuna mtu mwingine ambaye wewe na dada yako hamkumtaja, naye ndiye anayeniuma zaidi: aliyeishona. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka likaua watu 1,134, wengi wao wanawake wa viwanda vya nguo zilizopelekwa Ulaya na Marekani. Siku moja kabla kuta zilionekana na nyufa. Wafanyakazi waliogopa, wakaamriwa warudi kwenye cherehani. Mtindo unaodumu wiki chache hutaka nguo iwahi na iwe rahisi, na uzito wa haraka hiyo humwangukia fundi. Mtume (s.a.w.) alisema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kufurahia bei rahisi bila hata kutaka kujua nani ameilipia, mimi naogopa kwamba ni katika kule kuwadharau watu.

Kwa hiyo siwezi kukuambia kuwa kupenda kipya ni dhambi, sina dalili. Nakuambia funga mkono mpaka uvae ulizonazo. Zile usizozihitaji, toa zilizo nzuri, ungali unazipenda. Ukinunua, tafuta muuzaji anayeweza kukueleza nani ameshona na analipwaje, hata kama utapata moja badala ya nne.

Na kila ukivaa nguo mpya, soma dua aliyoisoma Mtume (s.a.w.), akiitaja nguo kwa jina lake. Humo alimshukuru Allah aliyemvisha, akamwomba heri yake na heri ya kilichotengenezewa, na akajikinga na shari yake na shari ya kilichotengenezewa. Isome polepole, mbele ya hilo kabati.

Wallahu a'lam.