Vibarua wamegoma, naweza kuleta wengine?

SWALI: Habari mhariri, mi nina shamba la matunda na sasa hivi ndo tuko kwenye mavuno, vibarua wangu wamegoma wanataka ujira upande na mkataba wa maandishi. Kuna wakala ananiambia kesho tu ananiletea watu wapya wamalize kuchuma. Nikiwachukua ntakua nimekosea?
Mkulima

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hiyo presha naielewa, mashine ikizimwa wiki nzima utaiwasha tena ila tunda likishadondoka ndo basi, na vibarua wako wanalijua hilo vizuri ndo maana wamegoma saa hii na sio wakati wa palizi.

Kwanza cheki sheria ya nchi yako maana hazifanani. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kutumia wafanyakazi mbadala kwenye mgomo halali. Marekani sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani, California ikaja kutunga ya kwake 1975. Kwahiyo kabla hujampigia huyo wakala ongea na afisa kazi au mwanasheria, ujue mgomo wao umefuata taratibu au la.

Haya, tuseme sheria inakuruhusu. Bado nakuomba usikimbilie huko. Septemba 1965 kule Delano, California, wachumaji zabibu Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma, siku chache baadae chama cha vibarua wa mashambani cha Cesar Chavez kikaungana nao. Wenye mashamba wakaleta watu wengine na zabibu zikachumwa kweli, lakini wagomaji wakawafata wanunuzi mijini wakawaomba wasinunue zile zabibu, watu wakaitikia, soko likabana mpaka 1970 wenye mashamba wakasaini mikataba. Miaka 5! Kuchumiwa walichumiwa, kuuza ndo kukawa shida.

Halafu watu wapya hawajui tunda lipi limefika na lipi bado, wanachubua, wanavunja matawi ya msimu ujao, na wewe utakua unahitaji wasimamizi wengi kuliko mwanzo. Kama huna jinsi kabisa na sheria iko upande wako, waambie ukweli kwamba kuna mgomo wasije kujikuta katikati ya ugomvi wasioujua, wape kazi ya muda wa mavuno tu, na tafadhali usiwalipe zaidi ya kile wanachodai waliogoma, utakua umewaonyesha hela unayo. Wagomaji wanaoishi kwenye nyumba za shamba usiwatoe, hapo ndo chuki inapoanzia.

Ila mi ningeanza leo hii na wawakilishi wao. Mkataba wa maandishi wape, huo unaweza kuuandaa hata kesho asubuhi, ujira mkae muongee, na omba wachume huku mazungumzo yanaendelea. Wakiona sahihi yako kwenye kitu kimoja itakua rahisi kukuelewa kwenye hicho kingine.